Siku Tauá Ilipopakwa Nyekundu

Valdelice Holanda alifaulu mtihani wa washauri wa hisa mara ya tatu kuufanya, akiwa na miaka thelathini na sita. Siku matokeo yalipotoka, mama yake, Bi Zefinha, alichinja kondoo bila hata kuuliza mtihani wenyewe ulihusu nini. Alichokielewa ni kwamba binti yake ndiye mtu wa kwanza hapa Tauá, kaskazini-mashariki mwa Brazili, kupewa ruhusa ya kisheria ya kumshauri mtu anunue hisa gani, na hilo lilimtosha. Lilitangazwa kanisani, likatangazwa redioni, na wiki nzima Bi Zefinha alilirudia mwenyewe kwenye foleni ya bucha, akinunua nyama robo robo ili apate sababu ya kupanga foleni tena, ingawa kondoo wa nyumbani alikuwa hajaisha.

Ofisi ya Valdelice ilikuwa chumba kimoja kando ya duka la Genival la vyakula vya mifugo. Ukikaa kwenye kiti cha mteja unanusa pumba na chumvi ya ng'ombe, na Genival akicheka upande wa pili ukuta unatikisika. Kwenye kioo cha mlango paliandikwa jina la kampuni kubwa ya São Paulo, ambayo siitaji kwa sababu mawakili wake bado wako hai. Kampuni ilimpa Valdelice meza, kompyuta na fulana mbili. Wateja alijitafutia mwenyewe.

Na wateja wale hakuwapata kwa maneno matamu. Aliwapata baada ya ule ukame wa miaka mitano, ambao hapa hakuna anayetaka kuusimulia. Watu waliuza kondoo majike wenye mimba kwa bei ya ngozi. Bi Zefinha mwenyewe aliuza kumi na tisa kwa siku moja, akarudi nyumbani akalala na viatu. Mvua iliporudi, Valdelice alizunguka nyumba kwa nyumba kwa pikipiki akiomba jambo moja tu: kila mwaka, kila mfugaji atoe bei ya mwanakondoo mmoja, ziwekwe pamoja kwenye hisa, na zisiguswe mpaka ukame mwingine. Ukija, zitanunua mipungate ya kulisha mifugo na boza la maji, na hakuna jike atakayeuzwa kwa bei ya ngozi tena. Watu arobaini na watatu walikubali. Hicho ndicho chama chao cha hisa, na hiyo ndiyo akiba yao ya ukame.

Chama kilikuwa na hisa za kampuni tatu: moja inapitisha nyaya za umeme, moja inauza maji katika jimbo la kusini, na moja ni benki iliyozeeka kuliko kanisa letu. Hazikuwa na sifa yoyote ila moja, kwamba kila mwaka zilitoa gawio. Wafugaji walizielewa upesi kuliko wanafunzi wa chuo. Hisa kwao ni kondoo jike, na gawio ni mwanakondoo. Jike humnunui umtazame. Unamnunua azae, unachukua mtoto, mama unamwacha. Zile kampuni changa ambazo hazijapata faida hata siku moja, ila bei yake inapaa kwa sababu watu wanaamini zitapata kesho, walizipa jina la dume la maonyesho. Dume la maonyesho huogeshwa, husuguliwa mafuta, hupigwa picha kwenye maonyesho ya Julai, na hula kuliko zizi zima.

Basi mwaka mmoja kampuni ilimwita Valdelice São Paulo kwa mafunzo ya siku tatu. Ukutani kulikuwa na ramani ya nchi, kila mji na rangi yake. Mkufunzi alieleza kwamba kila mahali watu wana kiasi chao cha kuhimili hatari, na ndicho kinachoamua hisa za kuwauzia. Nyekundu ni wajasiri, wauzie kampuni zinazokua mbio. Njano ni wa wastani. Buluu ni waoga, wauzie gawio, na usipoteze muda mwingi kwao. Dunia nzima ndivyo ilivyo, alisema: Wamarekani wanapenda kitakachokuja kesho, Wazungu wa Ulaya wanapenda alichokuwa nacho babu. São Paulo ilikuwa nyekundu kama nyanya. Mabonde ya mizabibu ya kusini yalikuwa njano. Kwetu kote, kuanzia pwani mpaka ndani kwenye nyika ya miiba, ilikuwa buluu tupu.

"Na hapa ni wapi tena?" mkufunzi aliuliza akigusa doa dogo la buluu.

"Tauá," Valdelice akajibu.

"Ah, Tauá. Huko hela bado wanaficha chini ya godoro au wameshajua benki?"

Darasa zima likaangua kicheko. Valdelice naye alicheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, safari nzima ya kurudi. Alikuwa amewachekea watu waliomcheka mama yake.

Sasa njoo Desemba ya mwaka 2019. Bi Zefinha alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na alishasema kwamba hatapasuliwa siku yoyote ila wiki ya Mtakatifu Lusia, mlinzi wa macho. Daktari wa Fortaleza, mji mkuu wa jimbo letu, alishangaa, akakubali. Valdelice akamchukua mama yake, wakapanda basi la mwendo wa saa sita, wakakaa huko siku kumi.

Ndani ya siku hizo kumi, kampuni ilituma fomu mpya kwenye simu za wateja wote nchini. Fomu ilikuwa ya kupima ujasiri wa mtu, na ilitakiwa ijazwe ndani ya siku nne. Wafugaji wakaenda ofisini, wakakuta kufuli. Wakaingia kwa Genival, kwa sababu ana mtandao na ana kahawa. Genival akapanda juu ya gunia la pumba, akavaa miwani, akawa anasoma swali kwa sauti na kila mtu anajibu kwa zamu yake.

"Swali la tatu," Genival akasoma. "Je, umewahi kuweka mali yako kwenye jambo ambalo huna uhakika nalo?"

"Hilo nalo swali?" akasema Bi Ozanira, mjane wa miaka hamsini na minane mwenye kondoo sabini na mdomo usio na mlango. "Kila Januari. Andika kila Januari."

"Hakuna pa kuandika kila Januari. Kuna kamwe, mara chache, mara nyingi."

"Basi mara nyingi. Endelea, kahawa inapoa."

"Swali la nne. Ukipoteza robo tatu ya ulichoweka, utafanya nini? Utaondoka? Utasubiri? Utaweka tena?"

"Nitaweka tena. Nitafanya nini kingine, nile mawe?"

Wakajibu hivyo hivyo wote. Kwetu mtu hupanda mahindi kwenye vumbi. Mvua haijaja, mbingu nyeupe, na wewe unafukia mbegu kwenye ardhi kavu ili mvua ikija ikukute uko tayari. Jua likiziunguza, unapanda tena. Zikiungua tena, unakopa mbegu kwa jirani, unapanda mara ya tatu, na unangoja siku ya Mtakatifu Yosefu, tarehe kumi na tisa ya Machi. Ikinyesha mpaka siku hiyo, mwaka upo. Isiponyesha, mwaka umekwenda. Nani angejibu swali la nne kwa namna nyingine?

Valdelice aliporudi na mama yake, ambaye sasa alikuwa anaona mpaka vumbi la juu ya kabati na kulilalamikia, Genival alimsimulia habari ya fomu huku akifuta machozi ya kicheko. Valdelice akayafungua majibu kwenye kompyuta. Hakuchukua dakika mbili kuelewa. Watu arobaini na mmoja kati ya arobaini na watatu walikuwa wamejaza habari za mahindi, na mashine ya São Paulo imewasajili kuwa watu wajasiri wa hisa.

Alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kusahihisha pale barua nyingine ilipoingia. Ilitoka kwa meneja wa mikoa, Thales Bergamini, na ilikuwa na ramani mpya. Katikati ya buluu yote ya kwetu palikuwa na doa moja jekundu, jekundu kuliko São Paulo yenyewe. "Hongera Valdelice," Thales aliandika. "Tauá ndiyo mji wenye wawekezaji wajasiri kuliko yote nchini. Hapa kila mtu anauliza huyu mwanamke ni nani. Nakuja mwenyewe Januari."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Valdelice aliisoma barua ile mara nne. Alikumbuka lile godoro la mkufunzi, akakumbuka kicheko chake mwenyewe. Kisha akaifuta barua ya kusahihisha, akaichapisha ramani, akaibandika ukutani juu ya kiti cha mteja. Alijiambia kwamba atasahihisha baadaye. Mtu asipotoshwe na jambo hili: alijua anachofanya, na kilikuwa kitamu.

Thales alifika Januari kwa gari la kukodi, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, shati limechomekewa, na kibao kidogo cha shaba chenye maneno ya pongezi. Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa kahawa ya Bi Zefinha vikombe vitatu ingawa ilimtoa jasho, na alikula kondoo kwa mikono kama mtu wa kwetu. Valdelice alimpeleka kuona mashamba. Njiani walimpita mzee na binti zake wawili, wameinama kwenye ardhi iliyopasuka, wanafukia kitu.

"Wanazika nini pale?" Thales akauliza.

"Mahindi."

"Mvua ilinyesha lini?"

"Bado."

Thales alicheka, akidhani ametaniwa. Valdelice aliendelea kuendesha bila kumsahihisha.

Jioni ile Thales alimweleza shida iliyomleta. Riba ya serikali ilikuwa imeporomoka, hela iliyolala haizai kitu, na wakubwa wake wanafunga ofisi za miji ambayo wateja hawanunui wala hawauzi, kwa hiyo kampuni haipati kamisheni. Tauá ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, kwa sababu chama cha wafugaji kilikuwa kinanunua mara moja kwa mwaka na hakiuzi kamwe. Fomu ile ndiyo iliyoiokoa. Sasa kilichobaki ni wajasiri waonyeshe ujasiri. Alitaka chama kiuze zile hisa tatu za kizee, na kihamie kwenye kampuni tatu changa: ya kuuza vitu kwa simu, ya kukopesha kwa simu, na ya kufundisha Kiingereza kwa simu. Mwaka uliopita zilikuwa zimepanda maradufu.

"Wakihama, ofisi yako inabaki," alisema. "Na wewe nakupandisha cheo, usimamie mkoa mzima. Wasipohama, Valdelice, sitaweza kuwazuia. Mwisho wa Februari wanafunga."

"Itabidi wapige kura."

"Najua. Lakini watakusikiliza wewe."

Hilo ndilo lililomnyima raha. Ni kweli, walikuwa wanamsikiliza yeye.

Chama hukutana Jumamosi baada ya mnada, ndani ya banda lile lile la mnada wa mifugo, na hupiga kura kama mnada: anayetaka hunyanyua kofia, asiyetaka huiacha kichwani. Siku ile wote arobaini na watatu walikuwepo, na Bi Zefinha alikaa benchi la mbele na macho yake mapya, ingawa kondoo wake wote walikuwa wawili. Thales alizungumza vizuri, lazima nimpe haki yake. Alisema kwa miaka mingi mabwana wa São Paulo waliwaita watu wa hapa waoga, na leo fomu imethibitisha ni kinyume. Alinyanyua ramani. Watu walinyoosha shingo kuliona doa lao jekundu, na wengine walipiga makofi. Nani asingependa?

Bi Ozanira akasimama.

"Daktari," akasema, maana kwetu mwanamume yeyote aliyechomekea shati ni daktari, "hiyo fomu unayoisifia ni ile tuliyojazia dukani kwa Genival?"

"Hiyo hiyo, mama. Ninyi ndio mashujaa wenyewe."

"Ile iliyouliza nikipoteza robo tatu ya nilichoweka nitafanya nini?"

"Hasa!"

"Mimi nilisema nitaweka tena."

"Jibu la mwekezaji wa kweli, mama!"

"Nilikuwa nasema mahindi."

Mtu wa nyuma akasema, "Na mimi mahindi." Mwingine akasema, "Mimi nilisema maharage, lakini ni yale yale." Banda likalipuka kwa kicheko, Genival akacheka mpaka akashika nguzo, na Thales naye alicheka, ila cha kwake kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Sawa, mmechanganya kidogo," alisema akipangusa jasho. "Lakini mtu jasiri shambani ni jasiri popote. Si ndiyo, Valdelice?"

Hapo vicheko vikaisha, na nyuso zote zikamgeukia yeye.

"Ndiyo, mwanangu, tuambie wewe," Bi Ozanira alisema, safari hii bila utani. "Mimi hisa sizijui. Wewe ndiye uliyesoma. Ukisema tuhame, tunahama, na kofia yangu itakuwa ya kwanza."

Valdelice alimtazama mama yake. Bi Zefinha alikuwa amekaa wima, mikono magotini, akitabasamu kwa fahari ile ile ya kwenye foleni ya bucha, akiwatazama majirani mmoja mmoja kama anayeuliza: mnaona? Binti angetaka asionwe vizuri hivyo. Sekunde moja alitamani mama angekuwa bado na ukungu wa macho.

Akasimama.

"Nisameheni," alisema. "Hamkukosea ninyi. Nimekosea mimi. Nilijua tangu Desemba kwamba mmejaza mahindi."

"Ulijua?" Genival akauliza. "Ulijua ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Ile ramani ilinilevya. Kule São Paulo waliniuliza kama hela tunaficha chini ya magodoro, na mimi nikacheka nao. Sasa wakatupaka nyekundu, nikasema ngoja, acheni nionje na mimi kuwa mtu. Nilitaka watuone. Lakini si kwa uongo, na si kwa boza lenu la maji."

Kisha akamgeukia Thales, na wote waliokuwepo wanakubaliana kwamba hajawahi kusema vizuri hivyo kabla wala baada ya siku ile.

"Bwana Thales, wewe mshahara wako unaingia tarehe ngapi?"

"Tarehe tano."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Ukiugua?"

"Unaingia."

"Mvua isiponyesha?"

Thales akatabasamu. "Unaingia, Valdelice."

"Ndiyo maana kwenu mnazipenda hisa zinazorukaruka. Maisha yenu yametulia, mnatafuta pa kusisimkia. Hawa hatari wanaamka nayo na wanalala nayo. Mbegu ulizoziona zinazikwa kwenye vumbi juzi zilikuwa gunia la mwisho la yule mzee. Ameshacheza kamari yote ambayo binadamu anaweza kuicheza kwa mwaka mmoja. Hiki kidogo kinachobaki wanataka kilale usingizi, kizae mtoto mmoja kila mwaka, na kiwepo siku ambayo mbingu zitawanyima. Ninyi mkaona wamechagua gawio, mkasema ni waoga. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Watu waoga hawaishi Tauá, bwana. Watu waoga walishahama zamani."

Hapo Bi Zefinha alipiga kofi moja, peke yake, kisha akaona haya akashika pua.

"Kwa hiyo nirudishe rangi ya buluu?" Thales aliuliza taratibu.

"Paka rangi unayotaka. Rangi yetu haiko kwenye kalamu zenu."

Dalali wa mnada akaita kura. Nani anataka kuhamia kwenye kampuni tatu changa? Hakuna kofia iliyonyanyuka. Genival, ambaye kichwa kilikuwa kinamuwasha tangu asubuhi, hakuthubutu hata kujikuna.

Thales alimkabidhi kibao cha shaba hata hivyo, kwa sababu, alisema, hakujua angekirudisha vipi na risiti ilishatoka. Wakiwa garini alimwambia Valdelice kwamba ofisi itafungwa. Valdelice akasema anajua. Thales alisema pia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mshahara wake unaingia tarehe ngapi.

Ikafungwa kweli. Mwisho wa Februari wakaja wanaume wawili, wakachukua meza na kompyuta na kukwangua jina kwenye kioo. Fulana walimwachia. Valdelice alilia siku moja, ndani kwa mama yake, na siku ya pili Genival aliondoa magunia sita ya pumba kwenye kona ya duka lake, akaweka meza, na akaandika ubao kwa mkono wake mwenyewe: HISA NA CHAKULA CHA KUKU. Chama kilihamia kwa kampuni ndogo ya Fortaleza yenye watu wanne na simu inayopokelewa. Kodi ya kona ilikuwa kumtengenezea Genival kahawa.

Hapo kwenye kona Valdelice aliandika fomu yake. Ya São Paulo ilikuwa na maswali kumi na tisa. Ya kwake ilikuwa na swali moja: "Mvua isiponyesha mwaka huu, hela hii utaihitaji lini?" Anayejibu "mwezi ujao," hamuuzii hisa hata akipiga magoti, anamwambia aiweke benki. Anayejibu "mwaka wa pili wa ukame," anampa majike wa gawio. Na yule mmoja tu aliyejibu kwamba haihitaji kabisa, mstaafu wa posta ambaye pensheni yake inaingia jua liwake au mvua inyeshe, alimuuzia dume la maonyesho bila kusita, na wote wawili waliridhika. Dume la maonyesho si haramu. Ni la mtu mwenye majani ya kulilisha.

Kisha ikaja Machi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ugonjwa mpya ulikuwa umeingia nchini, na soko la São Paulo lilianguka kwa namna ambayo ndani ya siku kumi lilisimamishwa kwa lazima mara sita. Tusidanganyane, hisa za wafugaji nazo zilishuka, ingawa si kama zile za simu, ambazo zilipoteza zaidi ya nusu. Na tusidanganyane tena, zile za simu baadaye zilipanda upya, na aliyeweza kungoja alicheka. Lakini aliyekuwa anahitaji boza la maji asingeweza kungoja, na hilo fomu ya maswali kumi na tisa haikuuliza.

Tarehe kumi na tisa asubuhi simu ya Valdelice iliita. Ilikuwa sauti ya Thales, imekauka kama ya mtu aliyepiga kelele siku tatu.

"Valdelice, samahani. Najua siwahusu tena. Huku watu wanauza kila kitu. Wale waliosajiliwa wajasiri ndio wanaolia zaidi, mmoja amenitukana mpaka bibi yangu. Nataka kujua tu. Watu wa Tauá wameuza kiasi gani?"

"Hawajauza."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Wamekwambiaje? Wameogopa? Wanasema nini?"

"Hawajanipigia, Bwana Thales. Tangu juzi sijamwona mteja. Sikiliza."

Akatoa simu nje ya mlango wa Genival, akaishika juu. Mvua ilikuwa imeanza wiki iliyotangulia, na siku ile ilikuwa inapiga mabati tangu alfajiri, mvua nzito ya siku ya Mtakatifu Yosefu, barabara imekuwa mto na vyura wamechanganyikiwa kwa furaha. Aliishika hivyo muda mrefu, mpaka mkono wote ukalowa.

"Wako mashambani," alisema aliporudisha simu sikioni. "Mahindi waliyoyafukia kwenye vumbi yameota."

Thales akasema, "Nilipopiga dukani kukutafuta, Genival aliniambia una fomu ya swali moja. Naomba unitumie. Nataka kuitumia huku."

Bi Ozanira alikuwa ameingia kununua dawa ya minyoo, amelowa mpaka kwenye kope, matope magotini, na alikuwa amesikia yote kwa sababu haoni aibu kusikiliza.

"São Paulo wanataka swali letu?" aliuliza.

"Wanalitaka, Bi Ozanira."

Bi Ozanira alivua kofia, akaikung'uta maji sakafuni kwa Genival, akaivaa tena taratibu, kama mtu anayejiandaa kupigwa picha.

"Wape," alisema. "Lakini mwambie daktari fomu yetu haijazwi ofisini. Kwanza azike gunia lake la mwisho kwenye vumbi, angoje miezi miwili, ndipo ashike kalamu."

Valdelice akayaandika maneno yale vile vile, akatuma. Halafu akamwachia Genival meza, akavua viatu, na akaenda shambani kumsaidia mama yake.